Baruti Kwenye Sefu

"—mzee mwingine tena mwenye futikamba! Hapana! Hapana, hapana, hapana!"

Brynn Kvamme aliupiga ngumi usukani wa Ford F-150 yake mpaka honi ikalia. Ng'ombe watatu ng'ambo ya uzio wakainua vichwa, wakamkodolea macho.

Redio ikakoroma. "Nyigu, hapa Mzinga. Nani anapiga honi?"

"Ng'ombe."



"Nyigu, toa ripoti."

Ripoti! Ripoti gani jamani? Siku kumi na moja yuko Willet Creek, Montana. Jasusi aliyewashinda wanaume wote wa darasa lake. Bastola ya Glock kiunoni. Kamera ndani ya kipimo cha kidijitali cha kupimia maganda ya risasi. Na mpaka leo alichokamata ni mafua tu!

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mtu hapo mjini alikuwa amekusanya viwashio laki mbili, vile vikofia vidogo vya shaba vinavyokaa kitakoni mwa risasi. Bila kiwashio, risasi ni pambo la mezani. Leo saa tisa alasiri ndege ndogo ingetua mahali fulani, ibebe mzigo, ivuke mpaka, na wababe fulani wa vita huko ng'ambo wafurahi sana.

Tatizo sasa! Willet Creek kila nyumba ya pili ina mtu anayejaza risasi zake mwenyewe. Kwa starehe yake! Kama wengine wanavyofuma sweta. Kwa hiyo kila nyumba ya pili ina baruti, ina viwashio, ina mashine ya kushindilia iliyofungwa kwenye meza.

Brynn alijifanya afisa wa bima ya moto. Akagonga milango kumi na mmoja. Akakuta watu kumi na mmoja wanaofuata sheria mpaka unataka kulia!

"Pima mwenyewe, binti. Ubao wa sanduku la baruti, inchi moja kamili."

"Naona, babu."

"Ratili ishirini naziacha kwenye makopo yake. Zikizidi, zinaingia kwenye sanduku la mbao. Hamsini, basi, sigusi nyingine."

"Naona, babu."

"Na viwashio mwisho elfu kumi. Mimi nina elfu tisa mia nane. Hizo mia mbili nimeacha za kupumulia."

Kila nyumba hivyo hivyo. Kahawa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo, kipande cha keki, na somo la saa nzima.

"Mzinga, sina kitu," Brynn akasema. "Wote safi."

Upande wa pili alikuwa Pettibone, bosi wake, kule mjini Helena, kwenye kiti chenye joto. "Basi tunakwenda na taarifa ya ndani. Ni Orrin Stalcup. Kikosi kinavunja mlango saa nane na nusu."

Brynn akaruka kitini. "Orrin? Bosi, Orrin ana miaka sabini na nane! Ana kimashine cha moyo kifuani! Mkimwingilia na yale mabomu yenu ya kelele mtamuua!"

"Ana baruti nyingi kuliko wote mjini."

"Ratili arobaini na tisa! Ndani ya sanduku! Kihalali!"

"Nyigu, niletee jina jingine kabla ya saa nane na nusu. La sivyo tunaingia."

Redio ikakata.

Saa ya Garmin mkononi ilisema saa saba na dakika arobaini.

Ilibaki nyumba moja. Moja tu! Ya Lyle Hargis, katibu wa klabu ya shabaha, ile nyeupe pembeni kabisa mwa mji yenye uwanja mrefu wa nyasi nyuma.

Brynn akakanyaga mafuta.

Lyle alifungua mlango hata kabla hajagonga. Mtu wa miaka hamsini hivi, meno meupe, shati la mirabaraba limepigwa pasi. Pasi! Nani anapiga pasi shati la mirabaraba?

"Mtu wa bima! Nilisikia unazunguka. Karibu, mrembo, usivue viatu."

"Niite afisa."

"Haya, afisa mrembo."

Brynn akameza tusi, akaingia.

Chumba cha kazi kilikuwa safi kuliko jiko la mama yake. Mashine inang'aa. Maganda yamepangwa kwa saizi. Viwashio elfu nane kwenye pakiti zake, kwenye rafu kavu, mbali na hita. Brynn akazungusha kipimo chake, kamera ikapiga picha. Safi! Safi tena! Saa nane kasoro dakika mbili, na huyu naye safi!

"Unajaza risasi tangu lini?"

"Miaka thelathini, afisa."

"Na baruti?"

Lyle akatabasamu kama bwana harusi. Akavuta pazia.

Nyuma yake lilisimama sefu. La chuma. Refu kumshinda Brynn. Milango minene, makomeo manane, mpira mweusi umezunguka kingo zote.

"Hawa wazee wanaweka kwenye visanduku vya mbao kama wanahifadhi vitunguu," alisema. "Mimi sitaki mchezo. Chuma, afisa! Baruti yote humo. Likifungwa hilo, hata hewa haipiti."

Brynn akaacha kupiga picha.

Kwa sababu juzi, kwa Orrin, akiwa amechoka na kuchoshwa, alikuwa ameuliza kwa nini mbao na si chuma. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Binti, baruti ikishika moto mahali penye upenyo inawaka tu, fuuu, unamwagia maji. Mbao inaachia. Ukiibana ndani ya chuma umejitengenezea bomu na kulilalia. Hata mjukuu wangu wa miaka sita hafanyi hivyo."

Miaka thelathini anajaza risasi, na baruti kwenye sefu lisilopitisha hewa?

Huyu hajajaza hata moja!

Akainama, akajifanya anafunga kamba ya buti. Akautazama mpini wa mashine kwa karibu. Rangi nzima. Hakuna mkono uliowahi kuuvuta.

"Nzuri sana, Lyle," alisema. "Naona gereji, namaliza."

"Gereji haina kitu. Mafriza tu. Nyama ya kulungu."

"Dakika moja."

Akaenda bila kungoja ruhusa. Mafriza mawili, makubwa kama majeneza.

Kimya kabisa.

Novemba! Willet Creek! Msimu wa kuwinda, kila friza mjini linanguruma usiku na mchana, na haya mawili hata kwenye umeme hayajachomekwa!

Akainua kifuniko. Vifurushi vya karatasi nyeupe ya buchani, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu nene: KULUNGU, PAJA. Akachukua kimoja. Hakikuwa baridi. Akakitikisa.

Kikachakacha.

Nyuma yake, klik.

"Lirudishe paja hilo," Lyle akasema. Sauti ya mrembo-mrembo ilikuwa imekwisha. Bastola yake ilikuwa Ruger, na haikutetemeka.

Brynn akageuka. Glock yake ilikuwa na risasi kumi na tano. Hakuweza kutumia hata moja! Nyuma yake viwashio laki mbili vinavyolipuka vikigongwa, kando ukuta mwembamba, na nyuma ya ukuta lile sefu la kipumbavu. Siku kumi na moja anatafuta mtu wa kumpiga, amempata, na hampigi!

"Piga basi," akasema. "Unajua kilicho humu kuliko mimi."

"Nyamaza."

"Au hujui? Orrin angejua. Orrin angekuwa ameshaweka hiyo bastola chini na kutoka nje taratibu."

Macho ya Lyle yakaruka kwenye friza. Nusu sekunde.

Ilitosha. Kwenye benchi palikuwa na boksi la vichwa vya risasi, madini mazito matupu, kilo kumi. Brynn akalisukuma. Likatua juu ya kidole gumba cha mguu wa Lyle, na Lyle akatoa mlio ambao ng'ombe wa bonde zima waliusikia. Brynn akadaka mkono wenye bastola, akaukunja nyuma, goti mgongoni, pingu. Klik, klik.

"Mguu wangu!"

"Bima hailipi hiyo."

Akavuta redio. "Mzinga! Ni Lyle Hargis! Mzigo ninao, mtu ninaye! Waondoe kwa Orrin!"

"Nyigu, wako getini tayari—"

"Waondoe, Pettibone! Ukivunja ule mlango nakuja Helena kwa miguu kukuvunjia wako!"

Sauti ya Pettibone ikasikika kwa mbali: "Kikosi, rudini. Rudini nyuma. Elekeeni kwa Hargis."

Saa nane na dakika ishirini na sita.

Saa tisa kamili ndege ikatokea juu ya misonobari. F-150 ilikuwa imeegeshwa katikati kabisa ya uwanja wa nyasi, taa zote zinawaka. Ndege ikazunguka mara mbili, ikaona magari ya kikosi, ikaghairi. Mafuta yake yalitosha kufika kiwanja cha ndege kilichofuata tu, na huko masherifu wawili walikuwa wanaisubiri wakinywa soda.

Brynn alikaa kwenye ngazi za mlangoni kwa Lyle, anapenga kamasi, anapekua simu ya Lyle. Akasoma ujumbe mmoja mara mbili.

Redio ikaita. "Kazi nzuri, Nyigu," alisema Pettibone. "Nataka ripoti sasa hivi. Na mimi mwenyewe najiuliza, ile taarifa ya Orrin tuliipokea kutoka kwa nani?"

"Swali zuri, bosi. Aliyewapa alimwandikia Lyle pia, kwamba amewaelekeza kwa Orrin. Asubuhi ya leo. Jina lake liko hapa."

"Nani? Nyigu? Sema!"

Akasimama, akapangusa suruali, akatia simu ya Lyle mfukoni.

"Si kwa redio hii. Wengi humo ofisini wanaisikiliza." Tayari alikuwa anatembea, taratibu, kuelekea kwenye gari. "Funga mlango wako, chemsha kahawa nzito, usimwalike mtu. Nakuja kesho saa tatu, nikuambie lililobaki."

Akazima redio.

Akaenda kwa Orrin kula keki.