Aliyemrusha Mwewe

Mikono miwili ilishika taa moja. Ilikuwa katikati ya soko la vipuri, jua la utosi, nyundo zikigongwa kila upande, na hakuna aliyekuwa na subira ya kumpisha mwenzake.

"Dada, hii nimeiona mimi kwanza," alisema mwanamume.

"Wewe umeiona. Mimi nimeishika," alijibu mwanamke, na kweli hakuiachia.

Alikuwa mwalimu wa udereva. Alivaa sketi ndefu ya buluu, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, na raba miguuni, maana huwezi kumfundisha mtu kukanyaga klachi ukiwa juu ya visigino. Mwanamume alikuwa fundi bodi, mrefu, ovaroli yake imejaa vumbi la rangi, na vumbi lingine liko kwenye kope. Wenzake walimwita Msasa kwa sababu hakuacha kitu mpaka kiwe laini. Taa yenyewe ilikuwa ya gari la zamani ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza siku nyingi, na muuzaji aliapa kwamba hakuna nyingine kama hiyo mjini kote.

"Unaitakia nini?" aliuliza Msasa.

"Gari la shule. Mwanafunzi wangu amegonga nguzo."

"Na mwalimu wake alikuwa wapi?"

"Pembeni yake, anasema breki, breki. Na wewe?"

Msasa alisita. "Ya kazi. Siruhusiwi kusema."

"Basi kama huwezi hata kuitetea, niachie."

Akamwachia. "Lakini taa inahitaji mtu wa kuifunga. Nipe namba yako."

"Wewe unatengeneza magari au unauza maneno?"

"Vyote. Magari ndiyo yanayonilipa."

Mwalimu akampa namba, na hakuwa hata ametoka sokoni simu yake ikaita. "Nani?"

"Fundi."

"Mbona bado nakuona? Uko hapo kwenye matairi."

"Nilikuwa nahakikisha hukunipa namba ya adui yako."

Mwalimu alicheka, na huo ndio ukawa mwanzo wa maneno. Simu za asubuhi, simu za mchana, "umekula, moyo wangu?" na "umekanyagwa na nani leo, Mwalimu?" Jumapili walizunguka na gari la shule, Msasa akiendesha na Mwalimu akimkosoa kila kona mpaka Msasa akaapa kwamba akifa atahukumiwa kwa kutowasha indiketa. Walipendana waziwazi, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ila kila mmoja alikuwa na jambo alilolifungia kifuani, na hawakujua kwamba lilikuwa jambo moja.

Kila aliyekulia mji ule alimjua Mwewe, gari la njano la kwenye filamu ya zamani ambayo televisheni haikuchoka kuirudia. Mwewe anakimbizwa, anafika kwenye daraja lililokatika, na badala ya kusimama anaruka. Nyota wa filamu ile, sasa mzee wa nywele za kupaka rangi, alikuwa amesimulia maisha yake yote kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Uongo mtupu. Kwenye usukani alikuwepo mama yake Mwalimu.

Mama huyo alikuwa dereva wa gari la kubebea mavazi ya waigizaji. Siku ya kuruka, dereva aliyekodiwa alilitazama lile pengo, akakumbuka ana watoto, akaenda zake. Mama akasema, "Nipeni mimi." Wakamvika koti na kofia ya nyota. Kwa kuwa alikuwa mfupi na miguu haikufika, mchomeleaji akamwongezea vipande vya chuma juu ya pedali. Akaruka, akatua mzima, kisha akaambiwa anyamaze, eti watu wakijua ni mwanamke filamu itachekwa. Nje alinyamaza. Nyumbani hakunyamaza. "Siku Mwewe akionekana," alimwambia binti yake, "mtazame kwenye pedali."

Mwewe alipotea miaka na miaka, mpaka kampuni ya filamu ilipomkuta kwenye ghala lake yenyewe, amefunikwa na maboksi. Ikatangaza kumweka kwenye ukumbi wa maonyesho ili watu wamtazame. Mwalimu aliposikia alilia kwa furaha. Siku ya uzinduzi angekwenda na waandishi wa habari, afungue mlango, awaonyeshe zile pedali, mama yake apewe haki yake angali hai. Lakini hakumwambia Msasa. Mwanamume wa kwanza kusimuliwa habari ile alicheka akashika mbavu, na Mwalimu hakutaka kumwona huyu naye akicheka.

Msasa naye alinyamaza kwa sababu kampuni ilimpa yeye kazi ya kumfufua Mwewe, na ikamkataza kufungua mdomo. Agizo lilikuwa gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Alinyoosha mabati, akapuliza rangi, huku akiwaza jinsi atakavyomwonyesha mpenzi wake. Alipoinama chini ya usukani akakuta vyuma vyenye kutu vimechomelewa shaghalabaghala juu ya pedali. Akasonya. "Fundi gani huyu asiye na haya?" Akawasha grainda, akavikata, akapapiga msasa mpaka pakateleza.

"Fumba macho, mpenzi," alimwambia Mwalimu kwenye mlango wa gereji.

"Chini kuna grisi. Sifumbi."

Msasa akavuta turubai. Mwewe akang'aa.

Mwalimu alifungua mlango, akapiga magoti kwenye grisi ile ile aliyoiogopa, akapeleka mkono chini ya usukani.

"Viko wapi?"

"Nini?"

"Vyuma. Vilikuwa hapa, juu ya pedali."

"Yale makorokoro? Nilikata. Si pamekuwa pazuri?"

"Umeviweka wapi, Msasa?"

"Vilikwenda na vyuma chakavu. Vimeshayeyushwa." Sauti ilimpungua, maana uso wa mwenzake ulikuwa umebadilika.

Mwalimu akamweleza yote akiwa bado amepiga magoti.

"Ungeniambia," alisema Msasa.

"Na wewe ungeniambia ni gari gani."

"Nilikatazwa."

"Basi kaa na waliokukataza," alisema Mwalimu. "Mama yangu alibakiwa na shahidi mmoja, na wewe umempiga grainda." Akaondoka na sketi yake yenye grisi.

Simu hazikupokelewa. Siku ilipopokelewa, Msasa alisema haraka, "Nimefuatilia mpaka kwenye tanuri."

"Umekuta nini?"

"Moto."

"Basi usinipigie."

Mwalimu akakata simu, akalia. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Msasa akapiga moyo konde, akaenda kwa mama mwenyewe. Alimkuta jikoni amekaa juu ya kigoda, anamenya viazi.

"Wewe ndiye uliyenikata miguu," alisema mama bila kuinua macho.

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Nimekupa. Umekuja na nini kingine?"

"Sina kingine. Ushahidi nimeuua."

Mama akaweka kisu chini. "Mwanangu, chuma kilikuwa shahidi tu. Mwenyewe nipo, na bado naendesha. Unajua kuchomelea?"

"Najua."

"Basi nipime miguu."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. "Mama, watasema ni vya kughushi, tumevitengeneza juzi."

"Tutakubali ni vya juzi. Mimi siendi kuonyesha vyuma. Naenda kuendesha."

Msasa alitoa futi yake mfukoni, akapiga magoti mbele ya kigoda. "Nitafukuzwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

"Hakuna anayekulazimisha," alisema Mwalimu.

"Najua." Akaendelea kupima. Mwalimu alimtazama mgongo, na hasira yake ikaanza kulegea.

Siku ya uzinduzi uwanja wa mbele ya ukumbi ulijaa watu na kamera. Nyota mzee alikuja na suti nyeupe na tabasamu lake la siku zote, ili aliendeshe gari kutoka getini hadi mlangoni. Akafungua mlango, akaingiza mguu mmoja, akaingiza tumbo, akakwama. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, kimekazwa kwa bolti. Watu wakaanza kucheka.

"Fundi, rudisha kiti nyuma," aliagiza mkurugenzi wa kampuni.

"Hakirudi, bosi. Kimefungwa kwa kipimo cha dereva wake."

Mama akapita katikati ya watu, kitambaa kichwani, raba za binti yake miguuni. Alimngoja nyota ajinasue, kisha akaingia, na kiti kikampokea.

"Mama, hilo gari si la kuchezea," alisema mkurugenzi.

"Ndiyo maana nawaambia mtoke mbele."

Mwewe akanguruma. Mama alimpeleka moja kwa moja kwenye ngazi za ukumbi, mkurugenzi akifumba macho, na dakika ya mwisho akavuta breki ya mkono. Gari likazunguka lote, likasimama likitazama lilikotoka, matairi yakifuka moshi. Kila mtu uwanjani aliijua kona ile. Ndiyo anayoikata Mwewe kabla ya daraja, na hakuna aliyewahi kumwona nyota akiikata nje ya filamu.

Mwandishi mmoja akamgeukia nyota. "Mzee, siku ile nani alikuwa anaendesha?"

Nyota alimtazama yule mwanamke mfupi muda mrefu. Pengine alichoka kudanganya. "Alikuwa amevaa koti langu," akasema.

Kamera zote zikageuka. Mkurugenzi akachungulia chini ya usukani, akamvuta Msasa kando. "Vyuma vya kwenye pedali vikatwe leo hii."

"Sikati tena."

"Basi umemwaga unga."

"Sawa, bosi."

Mama akafungua mlango wa pili. "Ingieni nyie wawili." Wakaingia, na kabla mlinzi hajafunga geti Mwewe alikuwa barabarani.

"Mama, tunaenda wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Mjini. Nimejificha vya kutosha."

Alipita barabara kuu mchana kweupe, kioo wazi, kiwiko nje. Watu walitoka madukani. Kwenye kiti cha nyuma Msasa alikuwa akijifuta jasho.

"Mwalimu, sasa sina kazi, sina..."

"Sijakuuliza una nini. Nakuuliza utanioa au hutanioa. Jibu kabla taa haijawa kijani."

"Nitakuoa."

"Sema mama asikie."

"Nitamuoa, mama."

"Nimesikia. Fungeni mikanda."

Alipotosheka alirudi ukumbini mwenyewe, akaliegesha gari penye alama yake bila kugusa mstari. Mkurugenzi alikuwa akingoja na polisi wawili waliokuwa wakijizuia kucheka. Mama akashuka, akamwekea ufunguo mkononi.

"Haya, kibao chenu cha maelezo ukumbini andikeni mnavyotaka," alisema. "Mji umeshaniona."