Pasi Iliyosahauliwa Umeme Ulipokatika

Mtaani walimwita Mama Vitambaa. Alishona nguo sebuleni kwake. Mama mkwe wake, asiyeweza tena kusimama, alilala chumba cha pili. Umeme wa mtaa wote ulitoka kwenye mtambo mmoja wa dizeli. Lori la mafuta likichelewa, mtambo ulizimwa.

Siku moja umeme ulikatika akinyoosha suruali. Aliiacha pasi mezani, akaenda bombani.

Akiwa kwenye foleni, alisikia mtambo ukinguruma. Ukazimika. Ukanguruma tena, ukazimika tena.

"Mafundi wetu wanakunywa dizeli," jirani mmoja alisema. "Mtambo utashiba nini?"

Watu walicheka. Mtambo uliwaka mara ya tatu, ukatulia. Hazikupita dakika nyingi, moshi ukaonekana dirishani kwa Mama Vitambaa.

Alitupa ndoo, akakimbia. Meza ilikuwa inawaka. Alimvuta mama mkwe kwa mkeka hadi uani. Jirani alizima swichi kuu kwanza, ndipo wakaumwagia moto mchanga.

Bibi huyo alikohoa sana. Kisha akasema, "Mkwe wangu, leo ulitaka kuninyoosha mikunjo?"

Mama Vitambaa alilia. Hakuweza kucheka.

Jioni alikuja wifi yake, fundi wa mtambo, kumwona mama yake.

"Wifi, ajali haina kinga," Mama Vitambaa alisema.

"Hii ilikuwa nayo. Pasi uliizima?"

"Umeme haukuwepo! Nizime nini?"

"Umeme ukikatika, pasi hupoa tu. Swichi yake bado imewashwa. Umeme ukirudi, inaendelea kuchoma pale ulipoiacha."

"Na nyinyi je? Mnawasha, mnazima, kama watoto wanaochezea taa!"

"Hatuzimi sisi. Kila nyumba imeacha pasi, friji na pampu vimewashwa. Mtambo ukiamka, vyote vinauvamia pamoja. Hata punda ukimwamsha na magunia kumi mgongoni, ataanguka. Na kila tukianza upya, mafuta yanapotea bure."

"Basi tufanyeje?"

"Umeme ukikatika, chomoa plagi zote. Acha taa moja ikujulishe umeme ukirudi. Ukirudi, subiri kidogo. Kisha chomeka kimoja kimoja."

Tangu siku hiyo, hakuna mteja aliyetoka kwa Mama Vitambaa bila kuambiwa maneno hayo.

"Unapima kiuno changu au umeme?" mmoja alimtania.

"Vyote viwili. Simama wima."

Lori lilipochelewa tena, umeme ulikatika. Mama Vitambaa alichomoa pasi, akaiweka sakafuni ipoe. Uani majirani waliitana: "Mmechomoa?" "Tumechomoa! Nyie je?"

Mafuta yalifika. Mtambo ulinguruma. Watu walitega sikio. Haukuzimika.

Taa moja iliwaka sebuleni. Mama Vitambaa alinyoosha mkono kuchukua plagi.

"Bado!" bibi aliita kutoka chumbani.

"Nasubiri, mama," alijibu, akarudisha mkono, akakaa.

Alhamdulillahi, safari hii mtambo haukuhitaji kuwashwa mara ya pili.