Yaya wa Paka

Fundi wa funguo alizihesabu funguo mara mbili, akaziweka mezani, kisha akamtazama dada aliyezileta. Ilikuwa saa saba mchana, kwenye ukumbi wa chini wa jengo la maduka, watu wakipigana vikumbo kati ya kinyozi na muuza simu.

"Funguo saba za nyumba saba. Zote zako?"

"Hakuna hata moja."

"Basi dada yangu, sichongi. Mimi nimezoea kulala kwangu, sio mahabusu."

Dada alivaa gauni la rangi ya chungwa lililomkaa vizuri hasa, ila kuanzia magotini kwenda chini lilikuwa limejaa manyoya meupe. Akatoa simu na kumwonyesha picha: paka juu ya friji, mbwa mzee amelala chali, sungura wawili. Watu wakisafiri, alieleza, yeye huenda majumbani mwao kuwatunza wanyama wao. Ameacha ukarani kwa ajili ya kazi hiyo, na miezi miwili ndiyo kwanza inakatika.

"Kumbe wewe ni yaya wa paka," fundi akasema, akacheka mpaka kinyozi akageuka.

"Cheka. Ukimaliza uchonge."

Alichonga. Akamwonya pia asibandike anwani kwenye funguo, akampa vibati vyenye namba, cha kwanza hadi cha saba. Akaongeza cha nane, na hicho kilikuwa na namba yake ya simu. Watu wengine hawana aibu, lakini dada alikihifadhi.

Wakaanza kupigiana simu, na simu moja ikazaa kumi.

"Yaya wangu, umekula?"

"Nimelisha. Kula bado."

"Utakonda, mpenzi, na wateja wako wote vitambi."

Wateja hao, wote kasoro mmoja, walikuwa wameletwa na huyo mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa na paka mzee anayeitwa Chifu. Mwalimu aliwasifia ndugu na marafiki kazi ya dada, nao wakamwamini kwa neno lake. Dada alijua vizuri kwamba siku atakapomkosea mwalimu, nyumba zote saba zitafungwa na yeye atarudi kwenye mafaili.

Mwalimu aliposafiri kumwona mjukuu mchanga, kitasa cha mlango wake kikaanza kukwama. Alipoelezwa kwa simu, akakubali kibadilishwe. Dada akamwita fundi wake, akamwacha na drili yake mlangoni, akakimbia mtaa wa pili kumlisha mbwa. Aliporudi saa tano, kitasa kilikuwa kipya na Chifu hayupo.

"Uliacha mlango wazi," alimwambia fundi.

"Kitasa kipya lazima nikijaribu. Nafungua, nafunga, mara kumi. Lakini nilisimama hapo hapo kizingitini, hakupita hata mende."

"Ulikuwa unaangalia kitasa chako."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Swali hilo lilimchoma, maana alikuwa ameshajiuliza mwenyewe. "Tangu siku ya kwanza ulinicheka," akasema. "Kwako hii si kazi, ni kichekesho. Nenda, tafadhali."

Fundi akaondoka. Hata sanduku lake la vifaa alilisahau.

Dada alitafuta chini ya vitanda, ndani ya makabati, nyuma ya friji na uani. Aliita mpaka koo likakauka. Kila siku saa kumi humtumia mwenye mnyama picha ya siku hiyo, na saa kumi kasoro dakika tano ilimkuta kwenye kochi refu la mwalimu, amechoka, simu mkononi. Picha ya jana ilikuwepo, Chifu yuko dirishani anaota jua. Nani angejua? Kidole kilikaribia kabisa kubonyeza. Lakini watu walimpa funguo za nyumba zao, na aliona kwamba akiituma picha ile hataweza tena kuwatazama usoni. Akapiga simu.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Chifu hajambo?"

"Simwoni, mwalimu. Tangu asubuhi. Nisamehe."

Mtoto mchanga alisikika akilia kwa mbali.

"Huyo fundi wa kitasa, alitumia drili?"

"Alitumia."

"Na wewe umekaa wapi sasa hivi?"

"Kwenye kochi refu."

"Inuka, mwanangu. Umemkalia."

Kitambaa cha chini ya kochi kilikuwa kimechanika, mwalimu alieleza, na Chifu akisikia drili hujichimbia humo ndani na hatoki mpaka avutwe. Katika maelekezo aliyomwachia aliandika habari za chakula na dawa, hilo akalisahau. Dada alipiga magoti, akaingiza mkono, akapokewa kwa kucha. Sijawahi kuona mtu aliyefurahia kuparuliwa namna ile. Alimvuta Chifu, akamkumbatia na vumbi lake, akalia kwa furaha bila kujizuia.

"Umefanya vizuri kunipigia," mwalimu alisema. "Ungenyamaza angekaa humo bila maji. Haya, nitumie picha yangu."

Akaituma. Kisha akamkumbuka fundi, na furaha ikaingia doa. Akampigia, simu ikaita ndani ya sanduku pale mlangoni.

Alimpa Chifu maji, akafunga mlango, akabeba sanduku zito lile na kwenda kumtafuta. Alimkuta mtaa wa tatu, amelala kifudifudi kando ya gari lililoegeshwa, shati limejaa vumbi, kopo la samaki mkononi. Nyuma yake wamekaa paka watatu wasiojulikana.

"Toka, baba," alikuwa akibembeleza chini ya gari. "Toka, yaya wako ataniua."

"Yupo nyumbani," dada alisema. "Alikuwa ndani ya kochi. Nimekosea mimi, nikakufukuza bure."

Fundi aliinuka polepole. "Ndani ya kochi."

"Ndiyo."

"Mimi nimeingia mitaro yote ya hapa. Kuna mama amenimwagia maji."

Dada alicheka, kisha machozi yakamtoka. "Nilikufokea. Kwa nini ulimtafuta?"

"Kwa sababu kazi hii ikifa utaumia, na mimi siwezi kukuona umeumia."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimeshakusamehe tangu mtaro wa kwanza. Lakini nataka kukuoa, na nataka unipeleke kwa mama yako."

Dada alitua sanduku, akatoa simu, akampigia mama yake pale pale barabarani.

"Mama, Jumapili nitakuja na mtu."

"Nyumbani kwangu?" mama aliuliza. Tangu binti yake aache ukarani alikuwa na wasiwasi na kila mgeni. "Wa manyoya?"

"Hapana, mama. Huyu ni wa kwangu. Anataka kunioa."

"Anakula nini?"

"Kila kitu."

"Basi mlete."