Vunjajungu wa Dirishani kwa Shangazi

Jirani yetu mmoja alikuwa mwalimu wa sayansi, na mtaa mzima tulimwita Ticha, hata sisi ambao hakuwahi kutufundisha kitu. Aliishi na shangazi yake katika vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta mwembamba; ukipiga chafya huku, wa kule anakuombea afya. Shangazi ndiye aliyemlea tangu hajui kufunga vifungo vya shati. Alipofariki, Ticha alikifagia chumba chake mwenyewe, na kwenye fremu ya dirisha akabandua kifuko cha mayai ya vunjajungu, kigumu, cha kahawia, mfano wa povu la sabuni lililokauka.

Akaona amepata kitu cha kuwaonyesha wanafunzi. Akakifunga kwa uzi kwenye kijiti, akakisimamisha ndani ya chupa ya jamu, akaifunika kwa kipande cha chandarua. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alikinyunyizia maji, maana mayai yale yakikauka hayaanguliwi. Hakusahau hata siku moja.

Jumamosi moja alikuwa anamsubiri dada yake, binti wa shangazi, mshonaji aliyeishi mbali na ambaye hakuwahi maziko. Alikuwa anakuja kwa jambo moja tu, kusikia mama yake alivyoondoka. Kwenye simu Ticha alikuwa amemwambia kwamba mama alilala, hakuamka, wala hakuhangaika.

Ulikuwa uongo mtupu. Shangazi aliita. Aliita kwa muda mrefu akiomba maji, na Ticha, aliyekuwa amechoka kuamshwa na kubadilisha mashuka, alijisemea ataenda baadaye kidogo, akajifunika blanketi gubigubi. Alipokwenda kulikuwa kumekucha. Tangu siku hiyo aliona haya kujitazama kwenye kioo; alinyoa ndevu kwa kupapasa, na sisi tukadhani ni mtindo mpya.

Alipotoka kuoga asubuhi hiyo ya Jumamosi, akakuta ndani ya chupa kuna kijiti na kifuko peke yake. Mayai yalikuwa yameanguliwa. Lilikuwa kosa la mtu aliyejua vunjajungu wa vitabuni tu: chandarua humzuia mbu, lakini mtoto wa vunjajungu ni mwembamba, anapenya. Akainama kuwatafuta chini ya kitanda. Hawakuwepo. Akainua macho.

Walikuwa ukutani.

Ukuta ule wa shangazi. Walikuwa wengi mno, wametulia tuli. Vunjajungu anaweza kugeuza kichwa akakutazama. Ticha alifundisha hilo kila mwaka. Akasogea kushoto. Vichwa vikamfuata. Akasogea kulia. Vikamfuata tena. Halafu vyote vikaacha kumtazama, vikaugeukia ukuta. Walikuwa wanasikiliza.

Hodi ikapigwa. Dada aliingia na begi lake, wakakumbatiana, akaketi kitandani, mgongo ukiwa umeelekea ukutani. Hakuwaona. Alikataa chai. Alisema hana raha mpaka asikie habari za mama kwa mdomo wa aliyekuwepo.

Ticha alijua kwamba huo ndio wakati wa kusema. Uso ulimwaka kwa aibu. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Alilala tu, dada. Hakumwita mtu."

Dada akainamisha kichwa, sikio likaelekea ukutani.

"Kaka, nani yuko huko?"

"Hakuna mtu."

"Mbona mama anaomba maji?" alinong'ona.

Ticha alitega masikio. Alisikiliza kwa nguvu zake zote. Safari hii hakusikia kitu.

Akachota maji kwenye kikombe, akakimbia, akafungua mlango wa chumba cha shangazi. Kitanda kitupu. Dirisha limefungwa. Akasimama pale, maji yakimwagikia mkononi, na dada alipotokea nyuma yake akamweleza yote: kuita, blanketi, kukucha. Alilia kama mtoto. Dada hakumfokea, na afadhali angemfokea.

"Ungemwambia hata subiri," alisema. "Mama angesubiri."

Akachukua begi lake, akaondoka bila kuaga. Ticha aliporudi chumbani kwake, ukuta ulikuwa mweupe, hauna mdudu hata mmoja. Tulimsaidia kuwatafuta mpaka kwenye mifuko ya makoti, tusijue kwa nini mtu mzima anawalilia wadudu.

Baadaye alitueleza yote, maana aibu ilishamshinda kuibeba peke yake. Siku hizi kila jioni hujaza kikombe maji, hukiweka kando ya kitanda cha shangazi, husema samahani, kisha hufunga mlango kwa ufunguo na kulala nao shingoni. Sisi majirani tumeuona ufunguo huo.

Asubuhi mlango huwa umefungwa vilevile. Kikombe Ticha hukikuta upande wake wa ukuta, kando ya mto anaolalia yeye mwenyewe. Maji yamejaa pomoni, hayajaguswa.