Moshi wa Uzioni

Nesi mstaafu alikutwa amekufa chini ya dirisha la chumba chake, mkono mmoja umeng'ang'ania pazia. Mpwa wake ndiye aliyevunja mlango asubuhi hiyo.

"Masizi puani, masizi kooni," alisema daktari wa polisi, akivua glavu. "Alikuwa na pumu. Moshi ndio uliommaliza."

Inspekta alichungulia nje. Karibu kabisa na dirisha, ng'ambo ya uzio wa waya, palikuwa na rundo la majivu. Ua wa jirani ulikuwa mpana, na shimo la taka lilikuwa kule mwisho. Moto ukawashwa huku! Jambo hilo halikumwingia akilini.

Jirani huyo alikuwa fundi viatu, mzee aliyeitwa Soli na mtaa mzima. Alimpokea Inspekta kwa kiti, akakifuta mara mbili. Mezani palikuwa na kikombe kimoja na sahani moja. Inspekta alivitazama. Tangu mke wake yeye Inspekta afariki, vyombo vyake navyo vilikuwa hivyo hivyo.

"Jana ulichoma nini, mzee?"

"Majani makavu, afande. Sheria inaruhusu."

"Majani yana nyaya?"

Inspekta aliweka mezani nyaya nyembamba alizozifukua majivuni, zimegandiwa na mpira mweusi.

"Hili ni tairi. Kuchoma mpira ni marufuku, na unajua."

"Vipande tu vya kukatia soli..."

"Tairi zima. Na kwa nini chini ya dirisha lake?"

"Shimo ni mbali. Miguu inauma."

"Njia ya mwongo ni fupi, mzee wangu. Mpwa wake anasema mlikuwa mkigombana kila siku. Alikushtaki, ukalipiza kisasi."

Sajini, aliyekuwa nje akipiga simu ofisi ya mazingira, aliingia akitikisa kichwa.

"Hakuna malalamiko yoyote, afande. Marehemu hakuwahi kumshtaki."

Soli aliinua uso. "Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Na alivyokuwa akiniapia! Kesho nakupeleka, kesho nakupeleka..." Alikigeuza kikombe mezani. "Nikiwasha moto, alikuwa anatoka. Anasimama pale uzioni: 'We mzee kichwa maji, unataka kuniua?' Ananisema, namjibu, mpaka jua linazama. Afande, wateja wanauliza kiatu tayari, wanaondoka. Mwingine wa kunisemesha sina."

"Ulichoma ili aje akugombeze?"

"Wiki hii hakutoka. Nikachoma majani, kimya. Nikachoma maboksi, kimya. Nikasema, harufu ya tairi itamtoa tu."

"Alikuwa kitandani, mgonjwa."

"Nani angeniambia?"

Inspekta alizikusanya nyaya zake. Hata yeye hakujua jirani yake mwenyewe anaitwa nani.

"Nilisimama uzioni mpaka moto ukazima," Soli alisema, "na majibu yangu nimeshayapanga. Hakuja. Nikadhani safari hii amenikasirikia kweli."

Inspekta alimweleza kosa lake, kuua bila kukusudia, akamfunga pingu taratibu. Garini Soli alitazama nje dirishani. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya:

"Huko mahabusu, afande, kuna watu?"

"Wapo. Wengi."

Soli akaitikia kwa kichwa, akajiweka vizuri kitini.