Picha ya Saa Sita

Walianza kwa kugombana, tena mbele ya watu. Ilikuwa katika ukumbi wa tiketi wa stendi kuu ya mabasi, foleni imejikunja mara tatu, runinga ya ukutani ikitangaza hali ya hewa. Dereva mmoja wa lori, shati la jinzi kalikunja hadi viwikoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Hawa wa hali ya hewa wanalipwa kwa uongo. Jana walisema jua, nimeloa mpaka soksi."

Dada aliyekuwa mbele yake akageuka. Gauni la buluu, miwani, hereni ndogo, na hasira za kutosha. "Aliyeandika taarifa hiyo ni mimi. Uliloa wapi, saa ngapi?"

"Kumbe kuna kesi."

Lakini alijibu yote, mpaka rangi ya wingu, na dada akaandika nyuma ya tiketi. "Setilaiti inanionyesha mgongo wa wingu tu," akakiri.

"Mimi naona tumbo."

"Basi uwe unanipigia."

Akawa anampigia kila safari, miezi minane. Vipima mvua vingi vya ofisi vilikuwa vibovu, kwa hiyo dada alimwita Kituo, kama kituo cha hali ya hewa. Dereva naye alimwita Mawingu.

"Mawingu wangu, mbele kumekuwa kweusi."

"Simama pembeni, nusu saa litapita. Umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Hiyo haishibishi, Kituo."

Ikafika siku ya kumleta nyumbani. Baba wa dada alikuwa fundi saa, na dakika kwake haikuwa jambo la mchezo. "Aje Jumamosi saa nane. Akinichezea, asinitafute tena, na wewe usinitajie ndoa."

Saa nane ikapita. Saa tisa. Chakula kikapoa, baba akavua koti, simu ya dereva haipatikani. Saa kumi na moja ndipo simu ya dada ilipoita.

"Mawingu, nisamehe. Mvua ilinikuta darajani saa sita juu ya alama. Maji yamepita juu ya barabara, mtandao haukuwepo..."

Hapa mtu mwenye akili zake angeuliza swali moja tu. Dada akafungua kompyuta. Mimi ninayesimulia nikikumbuka nakasirika mpaka leo. Akatafuta picha ya saa sita, iliyoandikwa 12:00. Darajani hapakuwa na wingu lolote.

"Mwongo," akasema. "Hapo ni pakavu, picha ninayo mbele yangu."

"Picha gani? Nimesimama kwenye tope."

"Ulikuwa kwa mwanamke. Mwone, baba, ananidanganya mchana kweupe."

"Kata simu hiyo," baba akasema.

Dereva alishusha sauti, na ilitisha kuliko kama angepiga kelele. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na mimi nimemaliza."

Jumatatu mkuu wa zamu, mama mwenye ulimi mkali, alitaka ripoti ya mafuriko ya darajani. "Weka picha ya saa sita mchana." Dada akafungua ile ile.

"Hiyo ni saa ya dunia," mama akasema. "Kwetu ilikuwa saa tisa, mvua imeshakwisha. Umeanza kazi leo?"

Kuongeza saa tatu ni hesabu aliyoifanya mara arobaini kwa siku. Akafungua ya 09:00, yaani saa sita ya kwetu. Wingu jeupe, nene, limelifunika daraja kama kifuniko cha sufuria. Masikio yakamwaka moto kwa aibu.

Alimkuta dereva yadi ya malori, ameinamia injini, ovaroli limejaa grisi.

"Nilikosea saa. Nisamehe."

"Hesabu nimekusamehe." Akatupa spana kwenye boksi. "Nilivuta watu wawili majini kwa kamba siku ile. Nilipopata mtandao nikakupigia wewe wa kwanza. Hukuniuliza kama ni mzima. Ulikwenda kuangalia picha."

Dada akalia palepale katikati ya matairi. Dereva hakumbembeleza. "Nenda kazini. Nikitulia nitapiga."

Hakupiga. Dada akamwambia baba ukweli wote, na mzee akaweka lenzi chini.

"Binti wa fundi saa, unakosea saa. Ukamwita mwenzio mwongo mezani kwangu, na mimi nikakusaidia." Alinuna siku mbili, zaidi akijikasirikia mwenyewe. "Mwandikie aje. Saa yoyote."

Aliandika. Hakujibiwa. Jumamosi ya pili akiwa sebuleni na kompyuta yake, simu ikaita.

"Ni mimi. Nilikuwa nakuja kwa mzee. Mvua kubwa huku darajani, sidhani kama nitafika."

Picha ya anga ilikuwa wazi mbele yake. Akaifunga bila kuitazama.

"Uko salama?"

"Sema tena."

"Nimeuliza, uko salama? Usivuke, tafadhali. Baba atasubiri, na mimi nitasubiri, hata wiki. Umesimama mahali pa juu?"

"Mawingu."

"Nini?"

"Kuna jua kali. Nipo nje ya geti lenu."

Alitoka mbio, gauni la njano, kiatu mguu mmoja. Dereva alikuwa pale, shati jeupe limepigwa pasi, kavu kabisa. Dada akampiga ngumi mbili za kifua, na hakuwa anatania.

"Mwongo mkubwa wewe."

"Ndiyo," akasema dereva, akiishika mikono yake. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimekudanganya, na leo ndiyo umeniamini."

Mzee akatokea mlangoni na koti lake. Hakutazama saa.

"Ingieni," akasema. "Chakula kinapoa."