Mnyapara wa Shamba la Pamba

Kila siku alfajiri Tatu aliteka maji kisimani, akafagia uwanja, kisha akanywa uji pamoja na bibi yake, Bi Biubwa, kabla ya kushuka kilima kwenda shuleni Kisarawe. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wasichana walikuwa wachache darasani mwao, kwa hiyo alijiona mtu mkubwa kidogo. Hesabu zilimtoa jasho, lakini katika kutunga hadithi hakuwa na mpinzani. Ubaya ni kwamba alilijua hilo mno.

Waingereza walikuwa wameshatawala miaka mingi, na watoto wengi waliusikia utawala wa Mjerumani kwa mbali tu. Basi Mwalimu Salumu akawataka wanafunzi wa darasa la nne watunge hadithi za zama zile, akida, mtawala wa vijiji aliyewekwa na Mjerumani, alipowalimisha watu pamba kwa kiboko. Hadithi iliyo bora ingesomwa Jumamosi mbele ya wazazi. Aliwaagiza wawaulize wazee kwanza. Tatu hakumwuliza mtu. Alikaa barazani, akaandika mpaka wino ukamwishia.

Ilikuwa hadithi tamu, tusimnyime haki yake. Ndani yake babu yake, marehemu Mwinyimadi, alimnyang'anya akida kiboko, akakivunja gotini, na kijiji kizima kikapiga vigelegele. Hadithi ya shujaa hutaka mtu mbaya, naye Tatu akamweka mnyapara mwenye kuchechemea, aliyewachongea wenzake kwa akida ili apate nyama. Hakumtaja jina, wala hapakuwa na haja. Mzee aliyechechemea na aliyewahi kuwa mnyapara wa shamba la akida alikuwa mmoja tu, Mzee Mwishehe, babu yake Zubeda. Na Zubeda alikuwa rafiki yake Tatu wa kufa na kuzikana.

Tatu aliwasomea wenzake hadithi hiyo wakati wa mapumziko, nao wakaisifu sana. Kesho yake wavulana walimfuata Zubeda njia nzima wakichechemea na kumwita mjukuu wa mnyapara. Zubeda alilia mpaka macho yakamvimba. Tatu alipomsogelea, alimgeuzia mgongo. Mwalimu Salumu alipopata habari, hakuchapa mtu. Alimwambia Tatu akamsomee bibi yake hadithi ile, na bibi akiikubali, basi ataisoma Jumamosi.

Jioni ile Bi Biubwa alikuwa anatwanga kisamvu. Tatu akasoma kwa sauti ya majivuno. Alipofika pale kiboko kinapovunjika, mchi ulisimama.

"Babu yako hakuvunja kiboko cha mtu," alisema Bi Biubwa. "Akida akipita, tuliinamisha macho, na yeye aliinamisha kuliko mimi. Umeandika watu wasioogopa, mke mwenzangu. Watu hao mimi sikuwaona."

Akamweleza taratibu. Walikuwa wakishinda kwenye shamba la akida huku nguruwe mwitu wakimaliza mtama wao. Mtu aliyechelewa alichapwa, na aliyemlilia alichapwa pia. Hata nyumbani watu walinong'ona, kwa kuwa hawakujua nani angekwenda kusema. Msimu mmoja wanawake walipewa mbegu za pamba wakazisugue kwa majivu, zisishikamane wakati wa kupanda. Wao wakazichemsha. Walidhani akida ataona ardhi imekataa pamba, kisha atawaachia. Walikosea, maana akida hakuwa mtu wa kuilaumu ardhi.

Siku ya kupanda, kazi ya mnyapara ilikuwa kukagua vikapu. Mwishehe, kijana wakati huo, alitia mkono katika kikapu cha Biubwa. Mbegu zilikuwa laini, zinanuka kupikwa. Alimtazama usoni, akamwambia apite akapande.

"Pamba haikuota," Bi Biubwa aliendelea. "Akida akamlaza Mwishehe chini mbele yetu sote, amtaje mwenye kosa. Hakumtaja mtu. Mguu ule uliharibika siku ile, mama, na sisi tulisimama tunatazama."

"Na babu?"

"Babu yako alinishika mkono kwa nguvu nisitoke mbele. Baba yako alikuwa tumboni."

Tatu aliuliza kwa nini hawakusema miaka yote hiyo. Bi Biubwa akafuta macho kwa upindo wa kanga. Alijibu kwamba mwanzo walimwogopa akida, na akida alipoondoka wakaona haya, na mtu akishazoea kunyamaza hajui tena pa kuanzia. Tatu aliona aibu kubwa. Aliichana hadithi yake pale pale, na kurasa zake akazitia motoni.

Kesho yake alikwenda kwa akina Zubeda kuomba radhi. Zubeda alinuna, lakini alimfungulia mlango. Mzee Mwishehe alikuwa anasuka ukili. Tatu akamwamkia shikamoo, akakiri kosa lake, kisha akaomba ruhusa ya kuandika upya. Mzee aliendelea kusuka mpaka Tatu akatamani kukimbia.

"Andika," alisema mwisho. "Majina ubadilishe. Ila usinifanye shujaa. Uandike kwamba nilitetemeka, na kwamba nusura niseme."

Jumamosi wazazi walijaa darasani. Tatu alisoma habari za kijiji asichokitaja, za mnyapara aliyetetemeka, na za mwanamke mmoja mwenye kikapu. Hapakuwa na kigelegele. Wazee walitazama sakafu. Alipomaliza, Bi Biubwa aliinuka.

"Kikapu kile kilikuwa changu," alisema.

Nyuma yake akainuka Bi Swaumu, ajuza ambaye hata msaada wa kukaa alihitaji, akasema na chake pia. Akainuka na mwingine. Watoto wao waliwatazama kwa mshangao, kwani hakuna aliyewahi kusikia neno hilo kwao.

"Kaeni jamani, mtaanguka," alisema Mzee Mwishehe. "Vikapu vyote nilivitia mkono. Nilijua."

Bi Biubwa hakukaa. Alikwenda mpaka alipokuwa mzee yule, akamshika mkono, akamwambia ahsante, neno alilokuwa akidaiwa tangu ujana wao. Mzee Mwishehe akalia waziwazi mbele ya mjukuu wake. Wale wavulana waliomwiga walijikunyata kwenye madawati, na hakuna aliyehitaji kuambiwa aombe radhi.

Mwalimu Salumu alingoja mpaka wazee wametulia, ndipo akawageukia wanafunzi.

"Mtunzi ana ruhusa ya kubuni jina, mvua, hata kijiji kizima," alisema. "Lakini hana ruhusa ya kuwaondolea watu hofu waliyokuwa nayo, wala kumtwika mtu uovu asioutenda. Mkitaka kuandika habari za watu walioonewa, kawaulizeni kwanza. Msipowauliza, mtawaonea mara ya pili."